Jina la Mwenye Sauti

Mama mpendwa,

Nakusalimu, chamgei. Natumaini mjomba atakukabidhi barua hii mkononi, na kwamba wewe, Baba na nyanya yetu Kogo mko salama, na baridi ya Kuresoi haijaunguza viazi. Mimi hapa shuleni Lanet niko mzima wa mwili, ila moyo hautulii.

Unakumbuka nilivyomrekodi Kogo kwa simu yako wakati wa likizo, akichagua mbegu za viazi jikoni huku akisimulia walivyochomewa nyumba wakati wa ghasia? Rekodi hiyo nimeitumia katika insha yangu ya Historia. Ikipita, itawakilisha shule yetu kwenye mashindano ya kaunti. Lakini Mwalimu Atieno ameirudisha. Kwenye marejeleo, mahali pa jina la msemaji, nilikuwa nimeandika, "Kogo, jikoni kwetu."

Darasa lilicheka, maana Kogo ni "nyanya" tu, si jina. Mwalimu hakucheka. Alieleza kwamba rekodi hutajwa kama kitabu kinavyotajwa: jina kamili la msemaji, aliyemrekodi, mahali, tarehe, na dakika ambapo maneno yenyewe yanasikika, ili anayetaka kuhakikisha asikilize palepale. Kisha akaniuliza, "Anaitwa nani?"

Mama, jina lake silijui. Baba humwita Mama. Wewe na majirani humwita Bot Kiprono, mama wa Kiprono, kwa sababu ndiye aliyemzaa Baba, na kwetu mtu hamtaji mkwewe kwa jina. Njeri, jirani yangu wa dawati, akaninong'oneza, "Kwani nyanya yako ni Mungu, hatajwi bure?" Nilikaribia kucheka pia.

Kicheko kiliisha niliposikiliza rekodi tena maktabani. Katikati, Kogo anamtaja mtu aliyewaonyesha wachomaji nyumba yetu ilipo. Mama, na watoto wa mtu huyo tunateka nao maji mto mmoja. Nikiandika jina la Kogo na dakika ile, majaji watasikiliza, na sijui maneno yatafika wapi. Nisipoandika, insha haiendi popote. Nilimweleza Mwalimu. Alifunga daftari langu, akasema, "Hilo si langu wala lako, Chelangat. Muulize mwenye sauti."

Ndiyo maana sikutaka kumtuma mjomba kwa mdomo. Tafadhali msomee Kogo barua hii mkiwa wawili tu. Usimjibie. Akikubali, mpe simu ajitaje mwenyewe, maana wewe huwezi kumtaja, kisha umtumie Mwalimu sauti hiyo kabla ya Ijumaa. Akikataa, nitayatoa maneno yake yote, na insha itabaki shuleni. Sitanung'unika. Kwa sasa nimeacha nafasi wazi kwenye ukurasa wa mwisho, inayotosha jina moja.

Nisalimie Baba, shangazi wa kwaya, na mdogo wangu anayelisha ndama. Kogo mshike mkono kwa niaba yangu, na umwambie natamani kushinda, lakini si kwa kumuuza.

Ni mimi binti yako,
Chelangat, ambaye Kogo alimpa jina, na bado hajui lake.