Hewa Ikizidi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Natumaini kile kikohozi chako kimekwisha. Mimi ni mzima. Mama hajambo, ila halali vizuri. Baba bado yuko kwenye chumba cha mahututi na mashine inamsaidia kupumua, lakini usishtuke. Soma hadi mwisho.

Unajua alivyoingia ndani ya lile tangi kulichomelea. Alitoka anacheka, akala, akasema kifua kinamwasha kidogo tu. Kesho yake alikuwa anahema kama mtu aliyekimbizwa. Daktari wa mapafu, mama mpole mwenye viatu vya raba, alisema moshi wa mle ndani una gesi yenye naitrojeni, isiyo na haraka: inaingia kimya, inaanza kazi mtu akiwa ameshasahau.

Chumba kile kina mwanga wa buluu. Nikikaa sana naona kama sote tuko chini ya maji, na mikono ya Baba imelala juu ya shuka kama glavu alizovua.

Mama alikuwa akimfuata nesi kila saa amwongezee oksijeni. Nawe kwenye simu ulisema wamfungulie yote. Kwa hiyo daktari alipotuita kutuambia anataka kuipunguza, Mama alimuuliza kama wamemchoka mgonjwa. Daktari hakukasirika. Alieleza kwamba ndani ya mapafu ya Baba oksijeni na ile naitrojeni zimegeuka kali, zinazivamia protini na kuzipinda. Kuna protini zinazozuia vifuko vya hewa visinatane, kuna zinazoondoa maji. Bado zipo, alisema, ila kazi zimezishinda. Oksijeni ikizidi anayohitaji, itaharibu hata zilizosalia. Mama akasema hajawahi kusikia mtu akiuawa na hewa.

Mimi niliwahi kusikia kitu cha namna hiyo. Unakumbuka Baba akichomelea kwa gesi, nami nimeshika koki ya oksijeni? Mwali ukianza kupiga mluzi alizungusha vidole viwili tu, maana yake punguza. Alisema hewa ikizidi chuma hakiungi, kinaungua. Daktari alipokuwa akiongea niliyaona mapafu ya Baba kama karakana iliyojaa cheche ndogo, na hakuna mtu kwenye koki.

Nilitaka kusema. Lakini unanijua, wewe uliyenipa jina la Redio kwa sababu siongei. Mama akasema utaamua wewe, mtoto wake wa kwanza, akanituma nje nikupigie. Hukupatikana. Nilisimama koridoni nikitazama vumbi likielea kwenye jua la dirishani, polepole, kama halina pa kwenda. Kisha nikarudi ndani, na hili ndilo ninalokuandikia.

Nilisema, "Kaka amekubali. Amesema wapunguze."

Sauti ilitoka nzima, kama ya mtu mwingine. Mama alinitazama, akaitikia kwa kichwa.

Wameipunguza kidogo kidogo, na oksijeni katika damu ya Baba haijashuka. Daktari anasema bado ni mapema kufurahi. Lakini jana mchana, Baba akiwa katika usingizi wa dawa, mashine ilipiga mluzi, na vidole vyake viwili vikazunguka juu ya shuka. Nesi alisema ni mishipa tu. Labda. Mimi niliinua mkono, nikaishika koki isiyokuwepo, nikaifunga kidogo.

Jumapili Mama atakupigia kukushukuru kwa maneno ambayo hukuyasema. Usinifichie, Kaka, wala usinisemee. Mwombe anipe simu. Nitakuwa nimekaa pembeni yake, na nitayasema mwenyewe, nyote mkinisikia.

Wasalimie wenzako wa kazini. Kikohozi kikirudi, nenda ukapimwe.

Mdogo wako akupendaye,
Redio