Taya ya Mama Numbi ku reli

Mama mupenzi, mutoto yako iko muzima pa Kamina. Hii alama ya mafuta ku karti nakuandikia ni ya beignet, ile andazi ya mafuta, usinikasirikie.

Leo asubuhi ukungu ililala pa gare ya treni mpaka reli ikapotelea ndani. Tulikuwa tunangoya treni. Bamama benye kuuzisha beignets balikuwa tayari, mafuta iko moto, lakini hakuna mwenye kutia kitu. Nikauliza mumoja: "Mama, munangoya nini?"

"Tunangoya Mama Numbi," akasema. "Treni ikichelewa, beignets inapoa bure."

Mama Numbi njo mukubwa yabo, na maskio yake ilikufa zamani. Miye nilimusalimia mara tatu kwa nguvu, bote bakacheka. Yeye akapiga magoti, akaweka taya ku chuma ya reli, akafunga macho. Halafu akainua mukono, bamama bakatia unga, na masufuria yote ikalia pamoja kama mvua ya kwanza. Nilikuwa nakula beignet ya tatu wakati tulisikia honi, mbali sana.

Ule mama niliuliza mbele akanielezea: mutetemo ya treni inakimbia mu chuma mbio kuliko mu hewa, na mufupa ya taya inaipeleka mpaka ndani ya kichwa.

Mama, toka maskio yako ilianza kufunga, uliacha kuimba mu korali, ukasema nyimbo imekufa. Nikirudia nyumbani, nitaweka taya yangu ku yako, na nitaimba. Weye ufunge macho tu.

Nakukumbatia,
Kalenga yako