Nilivyokwenda Marui Bila Wewe

Kibaha, Jumapili asubuhi

Dada Mwanahawa,

Dua ninayokuombea kila Ijumaa naamini inakufikia, kwa hiyo na haya yatafika. Nimeifungua shajara yangu nikuandikie kwa mpangilio, maana ulikuwa unanikatiza nikianzia katikati: "Zainabu, anza mwanzo!" Basi naanza mwanzo.

Tangu tukuzike, chumba chetu cha mashine kimekauka watu. Hadija amechukuliwa na benki mjini, wamempa na nyumba. Pili amemfuata mumewe Tanga. Tulibaki mimi na Mwajuma, na unanijua, kwenye mashine ya kutoboa kadi mimi natambaa. Yeye ndiye aliyekuwa akitoboa, na ndiye aliyezikamata kadi zenye makosa kabla hazijapelekwa mjini kusomwa na kompyuta. Ndugu Mkurugenzi akaniita. Akasema Mwajuma naye akiondoka, chumba anakifunga, mashine zinakwenda Dar, na hesabu za majaribio yetu ya mihogo zitangoja huko mpaka watu wakumbuke.

Wiki ileile Mwajuma akaposwa. Mwanamume ni mwalimu, amepangiwa Songea.

Nilijua la kufanya kwa sababu nilikuona ukilifanya. Binti wa chumba chetu akiposwa, ulikwenda kwao, ukakaa na wazee kama mama yake mdogo, na mahari ikishatajwa ukaongeza lako: asiondolewe kazini mpaka hesabu za msimu ziishe. Kwa kina Pili mshenga alikuuliza, "Hii mahari au mkataba wa serikali?" Ukamjibu, "Vyote viwili, shemeji. Tia dole gumba." Walicheka wote, na kwa kicheko kile tukakaa na Pili misimu miwili.

Mimi sina ulimi wako. Nilifika Marui kwa kina Mwajuma, nikakaa kwenye mkeka karibu na mlango, na zamu yangu ilipofika nikalitaja sharti lako kama msoma risala. Mshenga akanitazama. "Mama, tunamwoa binti, au tunamwoa na mashine yake?" Wakacheka, lakini safari hii walinicheka mimi. Mjomba wake Mwajuma ndiye aliyeniokoa. Alisema mtoto amesomeshwa na nchi, nchi nayo ina haki yake. Wakanong'onezana, wakakubali: mwaka mmoja.

Nilikuwa bado sijashusha pumzi, pazia likasogea. Akatoka somo yake aliyemfunda, kibibi kifupi, mkali. "Binti anasema amesikia yote. Anauliza, mbona humu kila mtu ameulizwa isipokuwa yeye?"

Dada, nilitamani ardhi inimeze.

Nikaitwa ndani. Mwajuma alikuwa kitandani, macho makavu. Akaniambia, "Dada Zainabu, kadi zote zile nimezitoboa mimi, na sijui kompyuta inaambiwa nini. Wavulana waliokuja kituoni juzi tu wameshapelekwa mjini kujifunza kuiandikia maagizo. Mkinifunga kwa sharti nitakaa mwaka huo, kisha nitakwenda zangu. Nipelekeni kozi. Mwalimu ataomba uhamisho aje Kibaha. Tumeshazungumza."

Tumeshazungumza! Sisi tunatokwa jasho na wazee, wenyewe wameshazungumza.

Nafasi ya kozi ilikuwa imebaki moja, na unajua ilikuwa na jina la nani. Uliipigania ukiwa umeshaanza kuumwa, ukagombana na watu kwa ajili yangu. Nilisimama pale chumbani nikakufikiria wewe, nikafikiria kiti nilichokwisha kujiona nimekikalia. Nikamwambia, "Utakwenda."

Nikatoka, nikaliondoa sharti mbele yao wote. Mshenga akashangaa. "Limekwenda wapi sharti, mama? Limepanda basi?"

Jumatatu nilikuwa kwa Mkurugenzi. "Unajua unachofanya?" akaniuliza. "Akimaliza kozi hii, kila shirika mjini litamtaka." Nikasema najua. "Na wewe?" Nikasema nitatoboa kadi. Akachukua kalamu, akalikata jina langu, akaandika la Mwajuma juu yake. Chumba hakukifunga, amekipa muda mpaka kozi iishe.

Mwajuma ameondoka juzi. Uhamisho wa mwalimu haujajibiwa. Huenda akahamishiwa mjini badala ya Kibaha, wakabaki huko wote wawili, na mimi nitakuwa nimekupotezea nafasi na chumba pia. Jana nimeharibu kadi nyingi mpaka nikalia, nikakukasirikia, nikasema mbona nasi hukutuuliza hata siku moja? Nisamehe. Najua bila wewe tungetawanyika zamani.

Kesho nawapokea wasichana wawili wapya, wametoka shule, hawajawahi kugusa mashine. Nitawafundisha yale uliyonifundisha, nusu yake nikijifunza upya.

Pumzika, Dada yangu. Mungu akupe nuru huko. Nami nakuahidi hili: siku hawa wakija kuposwa nitakwenda kwao kama ulivyokuwa ukienda, lakini kabla sijavua viatu mlangoni kwa wazee, nitakuwa nimemuuliza binti mwenyewe anataka nini. Na nitalifuata jibu lake, hata likiniachia chumba kitupu.

Mdogo wako,
Zainabu