Nesi wa Kwenye Simu

Wee Kisado!

Shikamoo kaka yangu. Nimekuamkia kabisa, usije ukasema mji umeninyang'anya adabu. Mgongo unaendeleaje tangu baiskeli ikuangushe na gunia la ufuta? Na mama bado anagombana na kuku wa jirani? Mimi Tunduma nipo, nakula, vidonge vyangu vya shingo nameza kila siku kama daktari wa Mbeya alivyosema, mikono haitetemeki tena. Nimeandika kwa karatasi kama enzi za babu kwa sababu simu ya nyumbani ikilia mama anaweka sauti kubwa, ukoo mzima unasikiliza. Hii nampa kondakta wa gari la Msangano akukabidhi mkononi. Kaisomee shambani. Peke yako.

Kaka, nimenasa. Nikigeuka huku ukuta, huku ukuta.

Unalijua lile kundi letu la kwenye simu, la wagonjwa wa tezi ya shingo na wanaojitolea. Kaka Bosco, yule wa maabara wa Vwawa, anatafuta tafiti za tezi, zile za Kiingereza kigumu. Tunazichambua wote wawili, mimi na kamusi yangu ya kwenye simu hapo kibandani ninapouza laini na vocha, halafu narekodi kwa Kiswahili na Kinamwanga, natuma. Unanijua, nikijua kitu kipya hakikai tumboni mpaka jioni.

Mwanzoni nilijitambulisha vizuri tu, kwa maandishi. Mimi Eda, mgonjwa mwenzenu, nauza laini mpakani. Mama mmoja akajibu, "Muuza vocha ndiye atufundishe shingo zetu? Kweli dunia imekwisha!" Wakacheka mpaka basi. Nikaumia. Wiki iliyofuata nikatuma kwa laini ya kundi, haina jina. Mtu akajibu, "Asante nesi." Mwingine, "Nesi Mungu akubariki." Nikasema nitawarekebisha kesho. Kesho yake, kaka, watu watatu waliokuwa wanachanjwa shingoni na waganga wakaenda kupima damu! Nilirukaruka kibandani mpaka jirani akauliza nimeolewa au vipi. Basi nikaacha waendelee kuniita nesi. Bosco kila siku, "Eda, waambie ukweli." Mimi kila siku, kesho.

Na mama nilimwambia nafanya kazi na watu wa hospitali. Hilo la unesi kamalizia mwenyewe, na kanisa zima likajua. Wewe ndiye pekee uliyekiona kibanda changu.

Sasa sikia. Bosco alileta utafiti kuhusu chumvi yenye madini joto, kwamba wanaoitumia nyumbani shingo hazivimbi sana. Nikarekodi kwa furaha. Chini ya karatasi alikuwa ameandika: hii ni ya kuzuia, siyo ya kutibu, na mwenye dawa asiache dawa zake. Nilikuwa nimebakiza mstari huo tu. Mara mteja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, huyu hapa dirishani, anagonga na salamu ya kwao. "Mulishani ba sista! Laini yangu imekufa, niokoe, gari linaniacha!" Nikaachia kidole, sauti ikaenda. Mstari uliobaki niliutuma siku hiyohiyo, nakuapia. Lakini sauti ya kwanza ilikuwa imeshafika Mkwajuni, imeshavuka mpaka, imeshaingia kwenye makundi ya kwaya. Ya pili haikwenda popote. Nani ahangaike kuwarushia wenzake maneno ya kumeza vidonge? Mmoja akasema hiyo ya pili siyo nesi, nesi amelazimishwa na wenye maduka ya dawa.

Kuna mama anaitwa Mama Suzi, anauza maharage sokoni Vwawa. Tezi yake ni kama yangu, inakimbia kupita kiasi, anameza vidonge vya kuituliza. Aliposikia sauti yangu akaacha vidonge. Kila asubuhi akawa anakoroga kijiko cha chumvi kwenye kikombe cha maji, anakunywa, anasema kama kidogo kinasaidia basi kingi kitamaliza kabisa. Alhamisi iliyopita akaanguka juu ya magunia yake.

Bosco akanipigia, nikaacha kibanda wazi, nikaenda hospitali ya Vwawa. Kaka, nilimkuta kitandani moyo unapiga mpaka kitenge kifuani kinacheza. Nesi wa kweli, mwenye sare, anamuuliza, "Sasa mama, nani amekwambia uache dawa unywe chumvi?"

Nimesimama pale na chupa ya uji. Nasubiri kutajwa.

"Hamna mtu," akasema. "Kichwa changu tu."

"Na hicho kichwa kimesomea wapi?"

"Kwenye maharage."

Nesi akacheka, akaandika, akatoka. Mimi nikasema "pole mama", hilo tu, akanijua kwa sauti. Akanishika mkono. "Nesi! Umekuja mwenyewe! Usiogope, sijakutaja. Ila niambie, chumvi nilizidisha au nilipunguza?"

Nilimwambia arudie vidonge kama daktari anavyomwandikia, na chumvi abaki nayo kwenye mboga tu. Akasema, "Sawa nesi." Hata pale sikusema kwamba mimi siyo nesi. Nikammiminia uji. Sasa anaendelea vizuri, wanamwangalia, lakini kila nikimkumbuka anavyonificha natamani angenitukana.

Nje Bosco akanibana. "Jumamosi kundi zima tunakutana hapa Vwawa, utasimama useme wewe ni nani na ulikosea wapi. Usiposema, mimi karatasi sikupi tena."

Nikamwambia, "Nikisema ni muuza vocha, hawataacha chumvi peke yake. Wataacha na vipimo, na vidonge, wataona yote ni uongo. Watarudi kwa waganga."

"Na usiposema, watameza kila kitu kitakachotoka mdomoni mwako. Leo kaanguka, kesho je?"

Hajakosea. Na mimi naona sijakosea. Ndiyo maana nimeganda hivi, kazini wateja wanapewa laini isiyo yao.

Halafu jana mama kanipigia. "Nesi wangu! Jumamosi tunakuja Vwawa na wamama wa kwaya. Wenye shingo nimewawekea viti vya mbele kwenye gari. Uvae nguo nyeupe, wakuone." Nguo nyeupe gani, kaka? Sina hata soksi nyeupe! Kashona na kitenge kipya, anasema mama wa nesi hawezi kwenda na cha zamani.

Barua ya kwanza niliiandika nikuombe umzuie mama asije. Nikachana karatasi. Bosco atapima watu damu siku hiyo, na hao wamama wenye shingo hawajapimwa hata mara moja. Mama asipokuja, hawaji. Unaona ninavyobanwa?

Nisalimie wifi yangu, fundi wa ugali wa mtama. Msalimie shangazi Nambela, mpiga kengele wa kanisa, na babu mdogo anayelinda zahanati, mwambie tumbaku yake nitaituma. Watoto wabusu wote, hata yule anayeng'ata.

Kaka, jibu lako mpe kondakta huyuhuyu kabla ya Jumamosi. Gari litasimama, mama atashuka na kitenge chake, wamama nyuma yake wananitafuta kwa macho, na Mama Suzi kama atakuwa ametoka hospitalini atakaa mstari wa mbele akinichekea. Nitapewa kipaza sauti. Kisado, ungekuwa wewe, na mama yako anakutazama hivyo, ungesema nini?

Mdogo wako anayekupenda,
Eda