Watoto Waliochanjwa kwenye Chumba cha Cherehani

Shangazi Halima wangu,

Konseye, mkubwa wa mtaa wetu, ametoa amri tena, mbali na zile za vita. Kuhara damu kumerudi, basi mikusanyiko yote marufuku: harusi hakuna, soko la Nyabugogo limefungwa, na zahanati imesimamisha siku ya kuchanja watoto. Ni kama mwaka juzi, ila safari hii wewe hupo.

Sikatai, amri ile ya mwaka juzi ilisaidia. Tulinawa mpaka mikono ikachubuka, na majirani waliacha kupokezana mrija mmoja wa pombe ya ndizi. Kuhara hakukuingia uani kwetu, hata mafua ya watoto yalipotea. Lakini surua haizuiwi na sabuni, na watoto walikaa miezi bila sindano.

Wewe ulimleta nesi na sanduku lake la barafu mpaka kwenye chumba chako cha kushonea. Akina mama waliingia mmoja mmoja, kitenge mkononi, mtoto mgongoni. Mjumbe wa konseye akachungulia: "Mama, hapa iko mkutano?"

Hukuinua hata kichwa. "Iko wateja tu. Na wewe kama unataka suruali, ngoja zamu."

Mimi nilikuwa mwoga. Uliniita mara tatu nimlete Zawadi wangu, nikakujibu kwamba amri ni amri, nikamweka ndani. Surua ilimfuata humo humo, ikaletwa na watoto wa jirani, akiwa na miezi kumi. Ulimkatia sanda kwa mkono wako na hukunilaumu hata neno moja. Heri ungenilaumu.

Kwenye matanga yako konseye alisema mbele za watu kwamba ulikuwa mkaidi. Nikasimama. Nikamwambia watoto wote waliopita chumbani kwako wanacheza barabarani mpaka leo, na mimi mtiifu nina kaburi. Hakuna aliyethubutu kunikalisha.

Sasa chumba ni changu. Nesi amekubali, na kesho asubuhi nafungua. Wakitaka kunikamata, waje. Mimi woga nimeuzika.

Jioni hii amekuja mama mmoja, kajitanda mpaka machoni, mtoto mgongoni. Nilipomtazama vizuri nikaona ni mke wa mwanawe konseye. Nilitaka kumfukuza, wallahi. Nimemwambia awahi kesho, mtoto wake atakuwa wa kwanza.

Lala salama, shangazi yangu mkaidi.

Mtoto wa kaka yako