Flaiwili ya Kukalia

Salehe, ndugu yangu,

Mashine inasaga tena. Naanza na hilo maana ndilo ungeniuliza kabla hata ya salamu.

Baada ya arobaini yako tuliifungua ile injini ya Kiingereza. Shafti nzima, pistoni nzima. Kilichotukwamisha ni flaiwili. Mdogo wako Shaibu aliona kabari inayoishikilia kwenye shafti imeganda, akaigonga kwa nyundo badala ya kuivuta, gurudumu likapasuka katikati. Bila gurudumu lile zito injini haitulizi mwendo, na bila injini mkeo hana pengine pa kupatia riziki. Umeme wa mgao ndio unaotuletea wateja sasa. Ukitengemaa, watahamia mashine mpya ya umeme ya barabarani hapa Tabata.

"Mnahangaika nini?" Shaibu akasema. "Si ile ya kaka ipo uani?"

Ipo. Ile uliyokuwa ukiikalia kila alasiri na kikombe chako cha kahawa, umeitandikia kipande cha mkeka. Kipimo kilekile, tundu lilelile. Nikasema nitaikagua kwanza.

Shaibu akasimama. "Unamkagua marehemu, Kondo? Kaka aweke kibovu uani kwake?"

Mkeo, Bi Mwanaidi, bado yuko eda. Akanijibia nyuma ya pazia: "Shemeji, kagua. Wanaosimama foleni mbele ya gurudumu hilo ni wenzangu."

Tukaining'iniza kwa mnyororo kwenye boriti. Nikaigonga, maana chenye ufa hulia kama chungu kibovu. Ikalia sauti safi, ndefu.

"Kengele ya shule hiyo!" Shaibu akapiga makofi. "Funga, fundi, watoto waingie darasani."

Nusura niifunge. Sauti ilikuwa nzuri, na mie nilishachoka kusemwa. Lakini uliniambiaga sikio husikia linachokitaka. Nikaisugua ikabaki chuma kitupu, nikaipaka mafuta ya taa, nikayaacha yanywewe, nikaifuta ikakauka, nikaisiliba chaki. Tukasubiri. Shaibu alikuwa akihema kisogoni kwangu. Chaki ikabaki nyeupe. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwomba radhi.

Kisha karibu na kitovu, upande uliokuwa ukilala chini, ukatokea mstari mwembamba kama unywele. Ukaloa. Ukatambaa kuelekea ukingoni. Ni mafuta yaliyoingia kwenye ufa, yanatoka.

Shaibu akaugusa kwa kidole.

Ndipo nikamkumbuka yule bwana wa Segerea aliyetaka kuinunua, akapandisha bei mpaka nikakukanyaga mguu ukubali. Ukamjibu, "Hii kazi yake ni kukaliwa." Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kumbe ulikuwa ukitoa ripoti ya ukaguzi. Uliuona ufa, ukaikalia asije mtu akaifunga, ikapasuka mwendoni na kurushia watu vipande.

Shaibu ndiye aliyefuatana nami Kurasini, kwa wauza vyuma nyuma ya yadi za makontena. Wa kwanza alituonyesha moja inang'aa rangi mbichi. "Mpya hiyo, braza, chukua ukalale!" Shaibu akamuuliza, "Una chaki?" Yule bwana akakumbuka ana mteja mwingine. Tuliyoichukua ina sura mbaya, imejaa kutu, lakini kutu ya juu tu. Tuliisugua palepale. Chaki ikabaki kavu, tukasubiri tena, ikabaki kavu.

Siku ya kuwasha niliwatoa watu wote usawa wa gurudumu. Shaibu akazungusha hendeli. Injini ikakohoa, gurudumu likatikisika, nikabana meno. Kisha likatulia. Hata hivyo foleni sijairudisha pale. Sasa wanasimama upande wa pili, na watabaki huko.

Yako nilitaka kuipasua kwa nyundo. Bi Mwanaidi akasema, "Shemeji, niachie hiyo." Nikaimega ukingo tu, pale penye ufa, asiweze fundi yeyote kuifunga. Nimeirudisha pahala pake. Mkeka ametandika mwenyewe.

Nina lawama moja, na nimeibeba tangu siku ile ya chaki. Ungesema sababu, Salehe. Mara moja tu. Tungeifunga. Kwa heshima yako tungeifunga, na wale kina mama wamejipanga na madebe yao...

Basi. Mola akupe pumziko. Mie sitaikalia. Na atakayekuja kuulizia bei nitamjibu kama ulivyomjibu yule bwana, kisha nitaigeuza nimwonyeshe ufa.

Kondo