Birika la Buluu la Mama Rehema

Mke wangu Mama Rehema,

Barua huanza kwa kujuliana hali. Yako namwachia Mola. Yangu ni hii ninayokuandikia. Jana tumesoma arobaini yako.

Nilitaka wageni watawadhe kwa birika lako la plastiki, lile la buluu. Wakumbuka tulivyolipata? Ndiyo kwanza tumehamishwa kutoka Vidunda, tumeletwa huku bondeni kwenye kijiji cha ujamaa, bado tunalala kwenye kibanda cha nyasi. Ukaenda Kilosa kupanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, ukarudi na birika. Nikafoka. Ukanijibu bila hata kunitazama, "Sukari ingekwisha, Baba Rehema. Hili halilambwi." Nilinuna mpaka jioni, halafu nikawa wa kwanza kulitumia.

Tangu tulipokuzika lilisahauliwa uani, jua lake, mvua yake. Likapauka kama kisigino kisichojua mafuta, na mdomoni likaota utando wa kijani. Kuliona vile kulinichoma. Nikachota mchanga, nikalisugua kwa hasira zote za msiba. Kila nikisugua, linazidi kufifia na kuchubuka. Jirani yetu Mama Zena akachungulia juu ya ua.

"Shemeji, unaliosha au unalichuna? Mwenzio hakuwa anatumia mchanga."

Miaka yote hiyo nilidhani ile buluu inakaa yenyewe! Kumbe kila Alhamisi ulikuwa unachekecha jivu, unalichanganya na maji ya ndimu, unalisugulia birika taratibu kwa kitambaa laini, kisha unalipaka mafuta ya ufuta kidogo na kuliweka kivulini. Mimi wakati huo niko barazani kwa watu, nabishana habari za shamba la kijiji. Mama Zena akanielekeza, nikafanya mwenyewe, siku baada ya siku. Michubuko niliyoitia haikutoka, lakini buluu ilirudi. Jana wageni wamelisifu. Shehe akasema, "Marehemu alikuwa msafi."

Baada ya dua, binti yetu alirudi kwa mumewe kule Dumila. Kabla ya kuondoka alilioshaosha birika, akaliweka mahali pake kando ya mlango. Leo alfajiri nimetoka, nikaliona limekaa pale linang'aa, nami, Mama Rehema, nikasahau. Nilisahau kabisa. Nikainama, nikalinyanyua kwa nguvu ya kunyanyua birika ulilokuwa ukilijaza wewe kila usiku kabla ya kulala.

Likaja juu jepesi, tupu, nusura linipige usoni.

Nimekaa kizingitini nimelia, mtu mzima mimi, mpaka kumekucha na swala ikanipita. Ningejua kwamba kulisafisha kutanidanganya hivi, labda ningeliacha na ukungu wake. Lakini ungenisema.

Lala salama, mke wangu. Maji nitachota mwenyewe.

Mumeo,
Baba Rehema